Upepo unaotangazwa si ule unaopiga paa lako: Kwa nini Pemba inahitaji vipimo vya karibu na ardhi

Mkaazi yeyote wa Pemba ameshaisikia taarifa hii mara nyingi mno: upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa, mawimbi yanayofikia mita mbili, katika ukanda wa pwani pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba. Wavuvi wanaangalia bahari, nahodha anaamua atoke au asitoke, na walioko nyumbani wanaendelea na shughuli zao.

Lakini hizo kilomita 40 zinahesabiwa kwa urefu gani kutoka ardhini? Na je, ndizo zinazofika kwenye bati la nyumba ya Kojani, au ya bondeni kule Mtambile?

Jibu fupi ni hapana. Upepo unaotangazwa na upepo unaopiga nyumba ni vitu viwili vinavyohusiana, lakini haviko sawa. Tofauti hiyo ndogo kwenye karatasi inaweza kuamua kama familia italala chini ya paa lake au itaamkia kuliokota shambani kwa jirani.

Hasara yenyewe si ya mchezo. Pemba, watu wengi hutoka kwenye makuti kwenda kwenye bati kwa fedha za karafuu, msimu baada ya msimu. Upepo wa dakika chache unaweza kuichukua akiba ya miaka.

Kwa nini mita 10?

Duniani kote, upepo wa kwenye taarifa za hali ya hewa huhesabiwa kwa kanuni moja. Kipimaupepo, yaani kile chombo chenye vikombe vidogo vinavyozunguka, huwekwa juu ya mlingoti wa mita 10, mahali pa wazi pasipo na miti wala majengo ya karibu. Ndiyo maana vituo vingi viko viwanja vya ndege. Pemba nayo ina kituo cha Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, katika uwanja wake wa ndege nje kidogo ya Chake Chake.

Kanuni hiyo ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani ina maana yake. Kila mtu akipima kwa urefu ule ule, upepo wa Pemba unaweza kulinganishwa na wa Mombasa au Muscat. Rubani na nahodha wanaelewana na mtabiri.

Tatizo ni kwamba hakuna anayeishi mita 10 juu. Nyumba ya kawaida ya kijijini ina ukuta wa karibu mita 3, na kilele cha paa mita 4 au 5. Hapo ndipo upepo unapofanya kazi yake, na hapo hapimi mtu.

Upepo wa chini una tabia zake

Upepo ukikaribia ardhi hupungua kasi, kwa sababu unasuguana na miti, kuta na udongo. Ni kama maji ya mkondo: katikati yanakimbia, pembeni penye mikoko yanatulia.

Unapungua kiasi gani? Inategemea mahali. Kwenye ufukwe au uwanja wa wazi, upepo wa mita 3 kutoka ardhini huwa na zaidi ya asilimia 80 ya kasi ya mita 10 juu. Katikati ya mikarafuu na nyumba zilizosongamana, unaweza kushuka hadi theluthi mbili au chini zaidi.

Ukiishia hapo utadhani ni habari njema tupu. Lakini upepo wa chini una vurugu. Unagonga ukuta, unazunguka kona, unapita kwa nguvu kwenye uchochoro, kisha unatulia ghafla na kupiga tena. Taarifa za ukanda wetu wa Bahari ya Hindi hutaja wastani wa dakika 10, wakati bati halingoi wastani. Linang'olewa na mpigo mmoja wa sekunde tatu, na mpigo huo unaweza kuzidi wastani kwa nusu nzima au zaidi.

Ongeza na sura ya kisiwa chenyewe. Pemba ni vilima na mabonde tupu. Upepo unaopanda kilima huongeza kasi ukifika juu, na nyumba ya bondeni inaweza kuwa salama saa ile ile ambayo nyumba ya kilimani inatikisika. Kisiwa kina urefu wa takribani kilomita 67. Namba moja haiwezi kuwasemea watu wote wa Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani.

Hesabu ya bati moja

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalijui. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake haiongezeki mara mbili. Inaongezeka mara nne.

Chukua bati la kawaida la futi 10, lenye eneo la takribani mita 2 za mraba. Nguvu ya upepo juu yake ni kama ifuatavyo, kwa makadirio:

• Upepo wa kilomita 40 kwa saa: kama kilo 15.
• Upepo wa kilomita 80 kwa saa: kama kilo 60.
• Upepo wa kilomita 120 kwa saa: kama kilo 140.

Bati lenyewe halifiki kilo 10. Kwa hiyo kwenye kilomita 120, ni kama watu wawili wazima wamelishika bati moja wanalivuta juu, na kilichobaki kulizuia ni misumari tu.

Ndiyo, kulivuta. Wengi hudhani upepo hulisukuma paa, lakini mara nyingi hulinyonya kwenda juu. Baharia anaielewa hii: chombo kikienda joshi, tanga haliendi kwa kusukumwa tu, linavutwa na upepo unaopita upande wa pili. Paa nalo ni hivyo hivyo. Na sehemu zinazovutwa zaidi ni kona, kingo za upenu na kwenye kilele. Ndiyo maana paa likianza kuondoka, mara nyingi huanzia pembeni.

Kwa hesabu hii, kukosea kasi kwa kilomita 20 tu kunaweza kubadilisha kabisa idadi ya misumari ambayo fundi anatakiwa kuipiga. Anayejenga kwa namba ya kubahatisha anajenga kwa bahati.

Vimbunga vinafika kweli?

Pemba iko karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Huko, msukumo wa mzunguko wa dunia unaohitajika kukizungusha kimbunga ni mdogo, kwa hiyo vimbunga ni nadra. Nadra, lakini historia ya pwani hii inaonyesha kwamba si hadithi.

Aprili 15, 1872, tufani iliipiga Unguja. Merikebu za Sultani Barghash zilizama bandarini, na sehemu kubwa ya minazi na mikarafuu ikaanguka. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na kilimo cha karafuu kikahamia huko. Utajiri wa karafuu wa Pemba hadi leo, kwa sehemu, ni matokeo ya njia ambayo upepo ule uliichagua.

Aprili 15, 1952, miaka 80 kamili baadaye, kimbunga kiliingia nchi kavu upande wa Lindi.

Aprili 25, 2019, Kimbunga Kenneth kilitua kaskazini mwa Msumbiji, katika jimbo la Cabo Delgado, ambalo makao yake makuu ni mji unaoitwa Pemba pia. Kisiwa cha Ibo, ambako watu huzungumza Kimwani, lugha ndugu na Kiswahili, kilipoteza sehemu kubwa ya nyumba zake. Mtwara ilikuwa katika tahadhari.

Mei 4, 2024, Kimbunga Hidaya kilifika kisiwani Mafia kikiwa kimepungua nguvu. Baadaye mwezi huo huo kingine, Ialy, kilipita baharini kuelekea kaskazini, jirani na pwani ya Kenya na Somalia.

Na hata bila kimbunga, mvua za masika na vuli huja na pepo za ghafla zinazodumu dakika chache tu. Hizo hazipewi jina, lakini mapaa ya madarasa na nyumba zinayachukua.

Mbona satelaiti zipo?

Zipo, na kazi yao ni kubwa. Kituo cha La Réunion, ambacho ndicho kinachofuatilia vimbunga vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, hukadiria nguvu ya kimbunga kwa kiasi kikubwa kwa kusoma umbo la mawingu kwenye picha za satelaiti. Huku hakuna ndege za kawaida za kuingia ndani ya kimbunga kama zile za Marekani.

Lakini makadirio hayo ni ya upepo wa baharini, na hata hao wenye ndege walijifunza kwa machungu. Agosti 24, 1992, kimbunga Andrew kiliipiga Florida kusini. Vipimaupepo vingi viliharibika kabla ya upepo kufikia kilele. Wataalamu walibishana miaka 10 kuhusu kasi yake halisi, na mwaka 2002 kikapandishwa kutoka daraja la nne hadi la tano, la juu kabisa.

Walipokagua mabaki ya nyumba walikuta makosa ya kawaida kabisa: mbao za paa zilizoshikwa kwa pini badala ya misumari, misumari iliyoikosa mbao ya chini yake. Yaani si kila nyumba iliangushwa na ukubwa wa kimbunga. Nyingine ziliangushwa na fundi.

Kutokana na hali hiyo, watafiti wa vyuo vikuu vya huko walianza, mwishoni mwa miaka ya 1990, kukokota minara ya kuhamishika kwa magari na kuisimamisha kwenye njia ya kimbunga saa chache kabla hakijafika. Minara hiyo inapima upepo kwenye mita 5 na mita 10, na ina betri zake ili umeme ukikatika iendelee kufanya kazi. Vipimo vingine vya mgandamizo wa hewa hufungwa moja kwa moja juu ya mapaa ya nyumba za watu. Chuo Kikuu cha Texas Tech kina vifaa vya miguu mitatu vinavyopima kwenye mita 2 na robo tu.

Faida yake ni kwamba mjadala unahama. Badala ya kuuliza kimbunga kilikuwa kikubwa kiasi gani, watu wanauliza: upepo uliofika kwenye nyumba hii ulikuwa kiasi gani, na kwa nini hii ilisimama na ya jirani ikaanguka? Jibu la swali hilo ndilo linaloingia kwenye kanuni za ujenzi.

Ingekuwaje Pemba?

Si lazima kuanza na minara ya gharama. Leo kuna vituo vidogo vinavyojiendesha vyenyewe, vinavyotumia umeme wa jua na kutuma taarifa kwa mtandao wa simu. Mradi wa TAHMO, kwa mfano, umefunga vituo vya aina hii katika nchi kadhaa za Afrika zikiwemo Kenya na Uganda, vingi vikiwa shuleni, ambako kuna ulinzi na wanafunzi wanajifunza kuvisoma.

Fikiria vichache tu Pemba: kimoja upande wa mashariki panapopigwa na bahari kuu, kimoja kilimani, kimoja bondeni katikati ya mikarafuu, kimoja mjini. Kila kimoja kiwe na vikombe viwili, kwenye mita 10 na kwenye mita 3 au 4, usawa wa paa. Baada ya misimu michache ya kaskazi na kusi, ingejulikana uhusiano wa namba ya uwanja wa ndege na namba ya kijijini. Taarifa ya TMA ikitoka, sheha angeweza kuwaambia watu wake maana yake kwa mahali pale.

Misingi ya kitaasisi ipo. Utabiri wa hali ya hewa ni jambo la Muungano chini ya TMA, na Zanzibar ina Kamisheni yake ya Kukabiliana na Maafa.

Tena kuna kipimo kisichohitaji fedha: macho. Kwa mujibu wa kipimo cha Beaufort, kinachotumika tangu karne ya 19, upepo wa kilomita 40 hadi 50 hutikisa matawi makubwa na kupiga mluzi kwenye nyaya. Kilomita 62 hadi 74 huvunja vijitawi na kumfanya mtu atembee kwa taabu. Kuanzia 75 nyumba huanza kupata madhara madogo, na ukifika karibu 90 miti hung'oka. Mtu akiandika tarehe, saa, upande ulikotoka upepo na kilichoanguka, hiyo tayari ni data.

Kabla vipimo havijafika

Paa halisubiri utafiti. Haya yanaweza kufanywa sasa, na mengi hayazidi gharama ya waya na misumari:

• Kuliunganisha paa na ukuta. Kenchi zikikaa tu juu ya ukuta, paa lote linaweza kunyanyuka kama kofia. Nondo au waya mzito uliozamishwa kwenye linta na kuzungushwa kwenye kenchi ndio unaolishikilia.

• Kuongeza misumari pembeni. Kona, upenu na kileleni ndiko kwenye mvuto mkubwa. Huko misumari iwe karibu karibu kuliko katikati. Itumike misumari ya bati yenye kichwa kipana, na iingie kwenye papi sawasawa.

• Kuangalia geji. Kwenye bati, namba ikiwa kubwa bati ni jembamba. Geji 32 ni rahisi dukani, lakini kichwa cha msumari hulichana kwa urahisi kuliko geji 28.

• Kutorefusha upenu kupita kiasi. Upenu mrefu unapendeza na unaleta kivuli, lakini upepo huushika kwa chini. Ukihitajika kivuli barazani, ni bora paa la baraza lijengwe peke yake, likiondoka lisiondoke na la nyumba.

• Kufunga milango na madirisha ya upande unaotoka upepo. Kuna wanaoamini kwamba nyumba ifunguliwe ili upepo upite. Si sahihi. Upepo ukiingia ndani huisukuma dari na paa kwa chini, huku ule wa nje ukivuta kwa juu.

• Kutoweka mawe juu ya bati. Mpigo mkali ukiinua bati, jiwe linashuka kwa aliye chini. Kamba imara iliyopitishwa juu ya paa na kufungwa kwenye vigingi vilivyozama ardhini ni salama zaidi, na ifungwe kabla upepo haujaanza. Mtu asipande kushikilia bati wakati upepo unavuma.

• Kuipunguza miti iliyo karibu bila kuimaliza. Safu ya miti mbele ya nyumba huvunja kasi ya upepo wa chini. Anayefyeka yote anaifungulia nyumba yake njia ya upepo. Lakini mnazi mzee ulioinamia paa ni hatari, huo uondoke.

Na makuti je? Paa la makuti hupitisha hewa kidogo, kwa hiyo halivutwi kama bati, na likiruka haliwezi kumkata mtu. Linaharibika mapema, ila kulirudisha ni rahisi. Mwenye bati amepata paa la kudumu, kwa sharti kwamba limefungwa kudumu.

Kuhusu taarifa zenyewe, TMA hutumia ngazi tatu: angalizo kwa rangi ya njano, tahadhari kwa rangi ya machungwa, na tahadhari kubwa kwa nyekundu. Ikisomwa namba ya upepo, ikumbukwe mambo matatu: ni ya mita 10 juu, mahali pa wazi, ni wastani, na mpigo unaweza kuzidi kwa nusu, na nyumba iliyo kilimani au ufukweni isijipunguzie chochote.

Msimu wa vimbunga katika ukanda huu huanza Novemba na kuishia mwishoni mwa Aprili, ingawa Hidaya alikuja Mei. Wakati mzuri wa kumwita fundi akague paa ni kabla ya masika, bati likiwa kavu na anga ikiwa tulivu. Aanzie kwenye kona, na akishuka aulizwe swali moja: kenchi zimefungwa na nini?